Habari ya Jana

Kwenye ratiba ya P1 hapa Uganda kuna kipindi cha nusu saa kinachoitwa Habari. Siyo habari za redio, ni habari za watoto wenyewe. Mtoto anasimama mbele, anaeleza jana kwao kulikuwa na nini. Mwalimu anachukua sentensi moja kutoka kinywani mwake, anaiandika ubaoni, darasa zima linaisoma kwa sauti mara tatu, halafu kila mtu anachora hiyo habari kwenye daftari. Asiye na daftari anachora chini kwa kijiti.

Mimi nimekaa ndani ya kipindi hicho tangu 2013, mwaka mmoja niko, mwaka mwingine mkataba umeisha, mwaka mwingine tena niko. Kazi yangu kwenye karatasi inaitwa msaidizi wa darasa. Kwa kweli mimi ni mkalimani. Madamu anasema Kiingereza, mimi nasema Kiswahili. Mtoto anasema Kiswahili, mimi nasema Kiingereza. Kule Rutshuru, kabla ya vita ya 2008 kutuleta huku, nilikuwa na darasa langu mwenyewe na diploma ya pedagojia mfukoni. Hapa diploma yangu ni ya Kifaransa, basi nasimama pembeni ya ubao, siyo mbele yake. Sisemi hivi kwa kulalamika. Sawa, kidogo nalalamika. Lakini nataka msomaji ajue nilikuwa nimesimama wapi siku ile nitakayoieleza.

Na siku ile haieleweki bila historia, kwa hiyo mnivumilie kwanza.

Mwaka 1997 Uganda ilifungua shule za msingi kwa watoto wote bila karo. Wanafunzi waliruka kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja tu. Nchi nzima ilifurahi, na kweli ilikuwa furaha. Lakini miaka ilivyopita ikaonekana kwamba watoto wengi wanafika P3, hata P4, hawawezi kusoma sentensi fupi. Wanaimba maneno ya Kiingereza ubaoni kama wimbo wa kanisani wa lugha usiyoijua. Jibu la serikali lilikuwa mtaala mpya wa madarasa ya chini, ulioanza 2007, ambao haukugawanywa kwa masomo kama zamani bali kwa mada. P1 ina mada 12 kwa mwaka: shule yetu, nyumbani kwetu, jamii yetu, mwili na afya, hali ya hewa, ajali na usalama, kuishi pamoja, chakula na lishe, usafiri, vitu tunavyotengeneza, mazingira, amani na usalama. Na P1 mpaka P3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. P4 ni mwaka wa kuvuka. Kuanzia P5, Kiingereza peke yake.

Kipindi cha Habari ndicho moyo wa mpango huo. Wazo lake ni kwamba mtoto atasoma haraka zaidi kile alichokisema yeye mwenyewe. Wazo siyo la jana. Sisi tuliosomea ualimu Congo tulifundishwa jina la Célestin Freinet, yule Mfaransa aliyerudi kutoka vita ya kwanza ya dunia na mapafu mabovu, hana pumzi ya kuhubiri darasani siku nzima. Akawa anatoka na watoto kijijini, wakirudi anaandika walichokiona, na mwaka 1924 akanunua mashine ndogo ya kuchapa ili watoto wachape maneno yao wenyewe. Kule New Zealand, Sylvia Ashton-Warner alifanya jambo la jirani na hilo kwa watoto wadogo wa Kimaori: kila asubuhi anamuuliza kila mtoto leo unataka neno gani, anamwandikia kwenye kadi, kadi inakuwa mali ya mtoto. Kitabu chake kilitoka 1963. Aliona kwamba maneno yanayoshika haraka ni yale yenye hofu au upendo ndani yake. Neno zuri lakini tupu mtoto analisahau hata kabla ya uji.

Bon. Sasa lugha ya eneo, ni lugha ya nani?

Hapa tuko wilaya ya Isingiro, zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara. Lugha ya eneo ni Runyankore-Rukiga. Shule za vijiji vinavyotuzunguka zinaitumia. Lakini ukiingia darasa letu utakuta mtoto wa Kinyankole amekaa na Mnyabwisha, Mbembe, Mfuliiru, Mrundi, Msomali, Muethiopia, benchi moja. Mtaala una mlango kwa hali kama hiyo: mahali penye mchanganyiko, shule inaweza kutumia Kiingereza tangu P1. Kwa hiyo mtaala uliotengenezwa ili mtoto asianze na lugha ngeni, Nakivale ulianza na lugha ambayo ni ngeni kwa kila mtu ndani ya chumba. Sisemi waliofanya hivyo walikosea. Ukichagua lugha moja ya wakimbizi, wengine watauliza kwa nini siyo yetu. Kiingereza kina faida hiyo moja: kinatunyima wote sawasawa.

Watu huniuliza, mbona siyo Kiswahili, si ndiyo lugha ya sokoni hapa? Hapo ndipo historia inapochekesha. Wamisionari wa Kiingereza walipofika Buganda miaka ya 1870, masomo ya kwanza ya kusoma yalifanyika kwa Kiswahili. Alexander Mackay, aliyefika 1878, aliwafundisha vijana wa Kabaka Mutesa kwa vitabu vya Kiswahili, kwa sababu Kiganda kilikuwa bado hakijachapwa. Maana yake darasa la kwanza la kusoma kwa herufi za Kizungu katika nchi hii lilikuwa la Kiswahili! Baadaye maaskofu walikiogopa, walikiona kina harufu ya Uislamu, na Kiganda kikachukua nafasi. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka kukirudisha kiwe lugha ya shule na ofisi. Maaskofu wakakataa. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa naye akaandika kukipinga. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ikakitoa kabisa kwenye orodha ya lugha za shule, isipokuwa shule za watoto wa polisi. Kwa hiyo kikabaki lugha ya kambi za askari. Idi Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, aliyekitangaza alikuwa mwanajeshi, na waliokisema kwa sauti kubwa barabarani walikuwa wanajeshi wake. Madamu wangu, ambaye ni mtu wa huku Ankole, aliwahi kuniambia kwamba bibi yake akisikia mtu anasema Kiswahili nje, alikuwa anafunga mlango kwanza ndipo anauliza ni nani.

Katiba ilibadilishwa 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Kwenye karatasi. Na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Huo mwezi wa Julai 2022 muushike vizuri.

Tusidhani pia kwamba Runyankore-Rukiga ilipewa kiti chake bure. Ankole nayo ilianza kusoma kwa Kiganda, lugha ya makatekista waliotoka Buganda, na ilichukua miaka mingi mpaka watu wa huku wakapata vitabu kwa lugha yao. Na kwetu Congo je? Baada ya uhuru Kifaransa kiliwekwa tangu mwaka wa kwanza, halafu miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, lugha zetu zikarudishwa kwa madarasa ya chini. Mimi nilisoma mwaka wa kwanza na wa pili kwa Kiswahili. Nilidhani dunia yote inasoma hivyo.

Nakivale yenyewe ilianzishwa 1958, na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 ndio walioijaza mwanzo. Kuna mzee mmoja upande wa Juru, alikuja amebebwa mgongoni. Aliniambia shule yake ya kwanza ilikuwa mti, na daftari lake lilikuwa vumbi chini ya mti ule. Nilimwambia mzee, hata Waingereza walijifunza hivyo. Hakuniamini, lakini ni kweli. Mwisho wa miaka ya 1700 mchungaji mmoja, Andrew Bell, alikuwa Madras kule India, akaona watoto wa shule ya Kihindi wanaandika herufi kwa kidole kwenye mchanga, na wakubwa wanafundisha wadogo. Akapeleka ujanja huo Uingereza. Joseph Lancaster, aliyefungua shule yake London mwaka 1798, akatumia njia kama hiyo kwa mamia ya watoto na mwalimu mmoja. Nasema hivi kwa sababu ndivyo tunavyofanya mpaka leo, na hakuna aliyetufundisha. Umaskini unajua njia zake.

Sasa nifike darasani.

Shule za Uganda zilifungwa kwa ajili ya korona Machi 2020 zikafunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine iliyofunga muda mrefu hivyo. Siku tuliyofungua, P1 ilipokea watoto wa miaka miwili iliyopotea pamoja na wa mwaka ule, na juu yao wageni waliotoka Congo, maana mapigano ya Rutshuru yalikuwa yameanza tena. Rejista ilikuwa na majina zaidi ya 140. Benchi la watoto wanne lilikaliwa na saba. Walioingia mwisho walikaa juu ya kipande cha turubai mbele, karibu na miguu ya Madamu, na akitaka kugeuka anawaomba ruhusa kwanza.

Siku ya P1 inakwenda hivi. Watoto wanaimba salamu kwa Kiingereza, wamesimama, wengine hawajui hata wanamsalimia nani. Rejista. Habari. Halafu sauti ya wiki, tuseme ni "m": wanaiandika hewani kwa kidole, wanaiandika mgongoni mwa mwenzao, wanaiandika chini. Wanacheka, kwa sababu mgongo unatekenya. Hesabu ni kwa vifuniko vya soda, kila mtoto anakuja na vyake ndani ya soksi au chupa iliyokatwa, na vinaibiwa kama pesa. Saa nne uji. Baada ya uji, hadithi au wimbo, maana wengine wanasinzia. Hivi vyote vinafanyika na watu 140 na chaki mbili, ndugu msomaji. Ukipita nje unasikia kelele. Kaa ndani siku moja utajua ile ni kazi.

Nyuma kabisa, magoti yakigonga benchi la mbele, alikuwa amekaa msichana wa miaka 11. Congo alikuwa amefika mwaka wa nne. Anasoma Kifaransa, anajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Lakini hana Kiingereza, basi P1, pamoja na wa miaka sita. Sisi tunamfundisha kuhesabu vifuniko mpaka kumi. Muhula wote wa kwanza hakusema neno. Wakati wa Habari alikuwa anaangalia dirishani, na dirisha halikuwa na kitu cha kuangalia, ni ukuta wa choo.

Nilimwambia Madamu, huyu tumpe watoto kumi awafundishe hesabu. Madamu akakubali. Na kweli aliwafundisha, kwa ukali wa mama mkwe. Kumbe na yeye alikuwa anajifunza: kila kosa la Kiingereza la wale wadogo, Madamu akilirekebisha, yeye analiweka kichwani. Mimi sikujua. Nilidhani hasikii kitu.

Tukafika muhula wa pili, Julai 2022, mada ni chakula na lishe. Msomaji anayeishi hapa hahitaji kuelezwa mgao ulikuwaje. Kwa msomaji anayekuja na gari: mgao wa chakula au pesa ulipunguzwa kwa asilimia 30 Aprili 2020, ukafika kupungua kwa asilimia 40 Februari 2021, na haukurudi pale ulipokuwa. Asubuhi hiyo walikuwepo wageni wawili wamekaa nyuma na vizibao vya kazi, wanaandika. Madamu akaita Habari. Akasimama mvulana mdogo, miaka sita, shati limefungwa vifungo kombo. Mama yake namfahamu, ni jirani yangu. Nikamuuliza kwa Kiswahili: haya baba, jana kulikuwa na habari gani nyumbani?

Akasema: "Jana mangaribi hatukukula. Tulikunywa tu maji ya moto, tukalala."

Akasema bila huzuni. Ilikuwa habari, kaombwa habari.

Madamu akaniangalia, anangoja. Wageni wakainua kalamu. Na mimi nikasema kwa Kiingereza: jana jioni tulikula posho na maharage.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliona aibu kwa ajili ya mama yake. Niliogopa pia, mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa Agosti na sikujua wale wageni ni wa nani. Na kuna jambo lingine dogo, la lugha yenyewe. Sisi mtu akituuliza "habari?" tunajibu "nzuri" kabla hatujafikiri. Hata aliyefiwa anajibu nzuri, halafu ndipo anaanza kusema. Wanyankole nao, "agandi?", jibu ni "ni marungi", yaani ni nzuri. Nadhani mdomo wangu ulijibu salamu. Lakini nikisema hivyo najitetea, kwa hiyo tuache.

Madamu akaandika. Darasa likasoma mara tatu: tulikula posho na maharage. Yule mtoto naye alisoma, kwa sauti kubwa, ameshika kiuno, kwa sababu ile ilikuwa habari yake na iko ubaoni. Hakujua ubao unasema nini. Halafu nikawaeleza kwa Kiswahili wachore: sahani, posho, maharage. Hapo akaniangalia. Kidogo tu. Halafu akainama akachora sahani.

Kutoka nyuma nikasikia: "Mwalimu, hakusema vile."

Ni yule msichana. Sentensi yake ya kwanza darasani tangu Januari. Ameisema kwa Kiswahili, taratibu, kwangu peke yangu.

Nikamwambia, "Kaa, mama."

Akakaa. Mgeni mmoja akapiga picha ya ubao. Wiki hiyo hiyo tulisikia redioni kwamba serikali imekubali Kiswahili kifundishwe shule zote, walimu wenzangu Wakongomani wakanipongeza kana kwamba nimechaguliwa diwani.

Likizo ya Agosti tulienda Mbarara, mimi na Madamu, kununua manila na kalamu za maka kwa ajili ya chati. Kutoka kwetu ni kama kilomita 60, vumbi kwanza, lami baadaye. Tuliponunua tukaingia hoteli ndogo karibu na stendi tukaagiza matoke. Hapo nikamwambia. Sikupanga. Nilikuwa nimeshika kijiko.

Hakunijibu mpaka akamaliza sahani. Halafu akasema: "Mwalimu, mimi sina masikio mengine kwenye chumba kile. Nina yako tu." Ndiyo hivyo tu kuhusu mimi. Kilichofuata alisema kuhusu yeye. Alipokuwa mdogo, shule yao ilikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Ukikamatwa unasema Runyankore unavalishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako naye amekosea, unampa. Jioni wa mwisho anachapwa, na aliyekivaa kabla yake, na aliyekivaa kabla ya huyo. Alisema kile kibao kilimfundisha kusikiliza wenzake kwa nia mbaya. Akaniuliza kama na sisi tulikuwa nacho Congo. Nikamwambia tulikuwa na chetu, kwa Kifaransa, lakini madarasa ya juu. Tukacheka, siyo kicheko kizuri sana. Nje, watoto wa chekechea za mjini walikuwa wanapita wamevaa soksi ndefu, wanagombana kwa Kiingereza.

Tulirudi na utaratibu mmoja, na ni wake, siyo wangu. Habari ya mtoto iandikwe kwanza kama alivyoisema, kwa lugha aliyoisema, na yeyote anayeweza kuiandika. Halafu chini yake Kiingereza. Na kabla ya kusoma, mtoto aulizwe: ndivyo ulivyosema?

Muhula wa tatu tukaanza. Kiswahili nilikiandika mimi. Kirundi na Kinyarwanda, Madamu mwenyewe alishangaa anaelewa nusu yake, hata neno la habari ni lile lile, amakuru. Kisomali kilituletea mama mmoja aliyekuwa analeta mwanawe kila asubuhi. Lugha yao imeandikwa kwa herufi hizi zetu tangu 1972, kwa hiyo alishika chaki bila taabu. Kiamhari kilitushinda. Herufi zake ni nyingine kabisa, na mtoto mwenyewe hakuzijua. Kaka yake akaja siku moja akaandika mstari mmoja, darasa zima likakaa kimya kuangalia, kama anachora maua. Hawakutaka ufutwe. Tulihesabu chini yake wiki nzima.

Sitaki kudanganya tena, kwa hiyo niseme na mabaya. Mada za mwaka hatukuzimaliza. Nusu saa haitoshi kwa mistari miwili. Wazazi wengine walikuja wamekasirika, baba mmoja wa New Congo akaniambia: Kiswahili mwanangu anacho kutoka tumboni, nimemleta hapa apate Kiingereza, faili letu la Canada liko mbele, wewe unamrudisha Rutshuru. Sina jibu la kumtosha mtu huyo. Anajua anachokisema. Mimi mwenyewe naishi pembeni ya ubao kwa sababu ya Kiingereza nilichokosa. Nilimwambia tu kwamba mtoto wake, aliyekaa miezi sita kimya, wiki ile alisimama mara tatu. Akasema kusimama siyo kusoma. Hilo pia ni kweli.

Msichana alipimwa mwisho wa mwaka, akaruka kwenda P3. Siku ya kuondoka alirudisha vifuniko vya soda vya watoto wake kumi, amevihesabu, vimepungua viwili, na anajua nani kaiba.

Kuanzia muhula ule wa tatu naandika habari za watoto kwenye kaunta buku, kila siku moja. Mvua iliingia ndani. Mbuzi wa jirani kazaa. Baba kapiga simu kutoka Kampala. Tumeenda ziwani kuteka maji, tukaona kiboko. Dada ameolewa, sitaki. Ukurasa wa kwanza kabisa niliacha wazi mpaka mwisho, halafu nikarudi nikaandika ile ya Julai. Kwa Kiswahili juu, maneno yake. Chini, kwa Kiingereza, maneno yangu.

Mwaka 2025 yule mvulana alikuwa P4, mwaka wa kuvuka. Nilikutana naye bombani na jerikani mbili. Nikamuuliza kama anakumbuka siku aliyosema habari, P1, wageni walipokuja. Akafurahi. Akasema anakumbuka sana, alichora sahani. "Ile siku si tulikula posho na maharage?"

Nilimpeleka nyumbani nikamfungulia kaunta buku. Alisoma mstari wa juu. Akasoma wa chini, kwa Kiingereza, bila kukwama. Akarudia wa juu polepole, kidole kikifuata maneno. Halafu akaniuliza, mwalimu, kati ya hizi mbili, yangu ni ipi?